Majina ya herufi za Kiingereza au sauti zake: tuanze na lipi?

Mwalimu, Ujiji:
Ndugu walimu, shikamooni wakubwa zangu. Watoto wangu wa miaka mitano huimba herufi zote 26 za Kiingereza bila kukosea, lakini nikiandika «cat» ubaoni wanasoma «si-ei-ti». Je, niendelee na majina ya herufi au nianze upya na sauti?

Mwalimu mstaafu, Tabora:
Marahaba, mwanangu. Anza na sauti, na usifuate mpangilio wa a, b, c. Chukua s, a, t, p, i, n, kwa kuwa herufi hizo sita pekee zinaunda «sat», «pin», «tap» na mengine mengi, hivyo mtoto anaonja kusoma mapema. Jihadhari na irabu ya mwisho: Kiswahili kimemzoesha mtoto kuifunga silabi kwa irabu, naye atasema «pini» na «tapu». Mimi humpa kila mtoto kipande cha karatasi akishike mbele ya midomo, atamke p bila kuongeza u, na karatasi ikitikiswa na pumzi anafurahi kweli.

Mzazi, Mwanga, Kigoma:
Naunga mkono. Binti yangu alivurugwa na a, ambayo kwetu ina sauti moja tu, ilhali katika «cat», «cake» na «car» ni sauti tatu tofauti. Tafadhali mfundishe ya «cat» kwanza hadi izoeleke.

Mwalimu, Ujiji:
Asanteni sana. Jumatatu naanza na karatasi.