DT125 ya mnada inakata nguvu mlima wa Amani, nifunge injini ya mchina au nipambane nayo?

kijana_wa_pongwe:

Wakuu habarini za mchana. Nipo Tanga, kazi yangu ni kununua viungo kwa wakulima, iliki, mdalasini, pilipili manga, kwahiyo wiki haipiti sijapanda Amani kupitia Muheza, na wikendi nikipata upenyo naelekea upande wa Pangani kutembea tu. Nimechukua Yamaha DT125 kwenye mnada, ilikuwa ya mradi flani, zile namba za DFP (za miradi ya wafadhili) zimeshatolewa na kadi ina jina langu, so kwenye makaratasi nipo sawa.

Shida ni lenyewe pikipiki. Hapa mjini linaenda freshi, lami ya Muheza linaenda freshi, ila nikishapita Zigi nikaanza kupanda linakuwa kama limeshikwa mkia, nashusha gia mpaka ya pili bado linajivuta alafu nyuma unatoka moshi mweupe mpaka watoto wa shule wananipigia kelele. Plagi nabadilisha kila mara. Fundi wangu anasema tustroki kama hii yangu zimepitwa na wakati, eti nitoe hii injini nifunge ya mchina ya fostroki, ile ya aina ya CG125, spea zipo kila kona na mafuta inakula kidogo. Wengine wananiambia uza chukua Boxer.

Na swali la pili kama kuna mtu anapita Mkwaja, ule mchanga mnaupitaje? Tairi la mbele linazama linaenda linakotaka lenyewe, mimi nabaki abiria.

boda_wa_muheza:

Uza kaka. Mimi napanda Amani na Boxer nina abiria na gunia la ndizi juu yake, hiyo DT ni ya kupigia picha. Spea yake mpaka uagize Kariakoo, ya kwangu hata dukani pale stendi naipata usiku.

FundiNgamiani:

Boxer ni pikipiki nzuri ya biashara hilo sibishi, ila mwenye swali hajasema anabeba gunia, amesema anazunguka kwa wakulima. DT ina tairi la mbele inchi 21 na la nyuma 18, Boxer ni 17 mbele na nyuma, na shokapu za DT zina safari ndefu ya kubonyea. Kwenye mawe na mizizi huko juu utaujua utofauti ukiwa na umri wangu mgongo unauma. Na wepesi, ukiidondosha unainyanyua mwenyewe bila kuita kijiji.

Sasa tuje kwenye injini. Kaka usifunge ya mchina. Nimeshaletewa hizo za kufunga funga, fundi anachomelea vishikio vipya kwenye fremu, sproketi ya mbele haikai mstari mmoja na ya nyuma, cheni inaenda upande, kila baada ya muda mfupi unanunua cheni na sproketi nyingine unasema spea feki. Alafu namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi haitaendana na iliyopo, siku trafiki akiamua kuinama aangalie hapo ndo utajua hujui.

Hiyo yako mimi nahisi ni sili za krenki, zile pete za mpira zinazoziba mhimili unaozungushwa na pistoni. Ngoja nieleze taratibu maana mafundi wengi wa siku hizi wamezaliwa kwenye fostroki. Tustroki haina valvu kule juu kama Boxer, mchanganyiko wa hewa na petroli unaingia kwanza chini ya pistoni, pale pistoni ikishuka inausukuma upande juu. Kwahiyo kule chini kwenye krenki lazima kuwe kumezibwa kabisa, kukivuja kidogo tu nguvu inapotea. Kuna sili mbili, kila upande moja. Ya upande wa magneti ikiisha injini inavuta hewa ya nje, unaiona inaunguruma juu bila kushikwa mafuta, inachemka, plagi inakuwa nyeupe, mwisho pistoni inakwama au inatoboka. Ya upande wa klachi ikiisha injini inanyonya oili ya gia boksi inaichoma, ndo huo moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, na plagi inalowa.

Kupima ni rahisi na huitaji kulipa mtu. Mwaga oili ya gia boksi, weka mpya kwa kipimo, nenda Amani urudi, mwaga tena upime. Ikipungua na chini hamna tone la kuvuja, imechomwa. Hiyo oili haina njia nyingine ya kwenda.

Kabla hujafungua chochote fanya na hivi. Toa silensa, vuta lile bomba la ndani utakuta kaboni imejaa, ikwangue au ichome. Tundu la eksozi pale kwenye silinda nalo likwangue kwa kijiti cha mti sio bisibisi, na pandisha pistoni ifunike tundu kwanza ili uchafu usidondokee ndani. Pikipiki za miradi ziliendeshwa pole pole miaka na miaka na kaboni inapenda sana uendeshaji huo. Fungua na ea klina, ile sponji yake ioshe kwa sabuni, kausha, ipake oili kidogo ukamue. Nyie mnaopita mashamba ya mkonge vumbi lile ni jembamba linapita kwenye sponji kavu bila shida yoyote.

Alafu jibu hili: pampu ya oili ya 2T, ile ya tustroki inayochomwa pamoja na petroli, bado inafanya kazi au walishaitoa unachanganya kwenye tenki?

kijana_wa_pongwe:

Asante fundi umenipa darasa. Pampu walishaing'oa zamani, nachanganya mwenyewe kwenye tenki. Nakadiria kwa kizibo.

FundiNgamiani:

Kizibo cha nini sasa jamani 😅 Tafuta bomba la sindano duka la dawa. Mililita 25 kwa lita moja ya petroli ndo 1 kwa 40, kwa mlima na joto letu hapo upo salama. Usizidishe ukidhani unailinda, unajaza kaboni tu. Na petroli ya chupa njiani iogope, nyingine zinawekwa mafuta ya taa, fostroki inaweza kuvumilia ila tustroki itakuchemkia.

bibishamba_mstaafu:

Nimesoma nikacheka maana hiyo DT naijua, nimekuwa bibi shamba huko milimani miaka mingi na ofisi ilitupa hizo hizo na XL za Honda, wanaume walikuwa wanazigombania XL sisi wanawake tukabaki na DT kwasababu ni nyepesi na ikawa ndo bahati yetu.

Mwanangu fundi kakueleza injini mimi nikueleze mteremko. Kama unachanganya oili kwenye tenki basi oili inafika kwenye pistoni pamoja na petroli tu, hamna njia nyingine. Sasa wewe unashuka kutoka Amani mpaka Zigi umeachia mafuta kabisa, gia ndo inakushikilia, injini inazunguka kwa kasi na haipati petroli kwahiyo haipati na oili. Ndo zinakwamia hapo, sio kwenye kupanda. Kila ukishuka kidogo kamata klachi upige resi mara moja mbili alafu uachie, iwe mazoea. Breki zake nazo ni za ngoma mbele na nyuma, ukizikandamiza mfululizo zinapata moto zinaacha kushika, zikilowa kwenye mto ndo kabisa, ukitoka majini tembea kidogo umezigusa kwa mbali zikauke kabla hujakutana na kona.

Kwenye udongo mwekundu mvua ikiwa imenyesha watu wanashusha gia wanakaba mafuta. Tustroki ikifika kwenye nguvu yake inakuja ghafla, tairi inazungukia hapo hapo unalala. Panda na gia moja juu ya ile unayoitaka, mkono mtulivu, simama kwenye vyuma vya kukanyagia magoti yabane tenki. Na usisimame katikati ya mlima kusalimiana na mtu, salamu atakuelewa.

Kanyagio la breki liinamishe kulingana na mguu wako, mimi mfupi la kwangu lilikuwa juu mno mpaka nilipompata fundi mmoja Muheza mwenye akili.

boda_wa_muheza:

Shikamoo mama. Hapo kwenye kusimama katikati ya mlima umesema kweli hata Boxer haitaki.

mvuvi_wa_kigombe:

Mimi ni wa mchanga. Punguza upepo, barabarani unaweka psi 25 huko, ukifika mchangani shusha mpaka 16 au 18 usipite chini ya hapo kama rimu yako haina kile kishikizo cha tairi, maana tairi litateleza kwenye rimu litakata valvu ya tyubu na utasukuma mpaka Mkwaja. Beba pampu ya mkono urudishe. Kaa nyuma, macho mbali, mafuta usiachie. Sukani usiikabe, iache icheze icheze, ukiipiganisha unaanguka. Ukiogopa ukapunguza mwendo ndo tairi la mbele linachimba.

Ukirudi nyumbani osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Chumvi ya huku haisubiri, spoku zinashika kutu pale zinapoingia kwenye rimu, siku unataka kukaza moja inakatika. Bolti la mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi la nyuma, litoe angalau mara moja kwa mwaka ulipake grisi, la jirani yangu lilitolewa kwa msumeno.

Na cheni, watu wa Tanga mnapaka oili chafu alafu mnapita mchangani, mnatengeneza msasa. Isugue na brashi na mafuta ya taa, ifute ikauke, paka oili ya gia kidogo, futa inayobaki nje.

kijana_wa_pongwe:

Wakuu nimerudi. Nimefungua silensa, bomba la ndani lilikuwa limeziba hata mwanga hauoni, nimelichoma. Ea klina sponji imeoza inamomonyoka mkononi, nimeweka mpya. Nikaenda Amani nikarudi, nguvu imeongezeka hata bila kubishana, gia ya tatu inapanda sehemu nilizokuwa natumia ya pili. Lakini moshi upo, na oili ya gia boksi nilivyomwaga imepungua, nilichoweka na kilichotoka haviendani kabisa na chini kukavu. Kwahiyo ni sili ya klachi kama fundi ulivyosema. Hiyo ya mchina nimeachana nayo. Nikanunue sili moja au?

FundiNgamiani:

Nunua mbili, hizo zimezeeka pamoja, na gasketi za kava zote. Mpe muuzaji namba ya injini, matoleo ya DT125 yapo mengi na sili hazifanani zote. Ya magneti mara nyingi inatoka bila kupasua injini, ya klachi inategemea toleo, kwahiyo fundi aangalie kwanza ndo akutajie bei asikuahidi tu. Ikibidi kupasua badilisha na beringi za krenki humo humo, hela ya ufundi ni ile ile. Na asipige nyundo kwenye krenki, aje na pula, kile kifaa cha kuvutia. Akikuambia pula hana mlete Ngamiani.

mvuvi_wa_kigombe:

Na hiyo sponji mpya ulipaka oili?

kijana_wa_pongwe:

Nimepaka mkuu, nikakamua.