Access: taima ya fomu haisomi namba anayoandika mtumiaji

Wakuu, heshima kwenu. Nina databesi ya Access (programu ya databesi ya Microsoft) ya duka la dawa. Kwenye fomu kuu nimeweka kisanduku txtDakika ili muuzaji apange mwenyewe kila baada ya dakika ngapi orodha ya dawa zinazokaribia kuisha ijisasishe. Kodi (maagizo ya programu) iko kwenye tukio la On Timer, linaloamka kila muda uliopangwa unapofika.

Shida ni kwamba akifuta 5 akaandika 10, taima inaendelea kusoma 5 mpaka abonyeze Tab au Enter. Nafahamu Value (thamani iliyokwishapokelewa) haibadiliki hadi kisanduku kisasishwe. Nikijaribu Text (maandishi yanayoonekana kisandukuni wakati huo), kishale cha kuandikia kikiwa sehemu nyingine natupiwa kosa namba 2185. Wengine wanafuta namba na kukiacha kitupu, hapo inakuja Null, yaani hakuna thamani.

Kwa sasa nimehamishia mstari huu kwenye After Update ya kisanduku:

Me.TimerInterval = CLng(Nz(Me.txtDakika, 5)) * 60000

(TimerInterval inahesabu kwa milisekunde, ndiyo maana ya 60000.) Hapo namba inashika vizuri. Kinachoniumiza kichwa sasa ni Me.Requery, amri ya kusoma upya data ya fomu: taima ikiamka muuzaji yuko katikati ya kuingiza dawa, inahifadhi alichokuwa hajamaliza na kumrudisha rekodi ya kwanza. Wateja wamepanga foleni, hebu fikirieni.

Je, nipime Me.Dirty (inayoonyesha kama rekodi ina mabadiliko yasiyohifadhiwa) kwanza, kama anaandika niiruke zamu hiyo? Au niitenge orodha kwenye fomu ndogo na kuisasisha hiyo peke yake? Na namba ya dakika niiweke kwenye TempVars (vigeu vya muda vya Access) au kwenye jedwali la mipangilio, ili kesho akifungua aikute? Mwenye uzoefu anisaidie.