Naomba ushauri: mama hashiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya ahadi ya ujenzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nipo Ujiji, Kigoma, nasaidia kuongoza ibada za nyumbani. Tuna mama muuza dagaa aliyeacha kushiriki Meza ya Bwana (ushirika mtakatifu) kwa kuwa hajamaliza kulipa ahadi aliyotoa ya kuchangia ujenzi wa kanisa. Anasema Mungu hawezi kumhesabia haki, yaani kumkubali kuwa mwenye haki mbele zake, mtu anayedaiwa kanisani. (Na mbalamwezi hii dagaa hawavuliki vizuri, pesa atoe wapi?)

Nilimsomea Waefeso 2:8-9, kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, si kwa matendo; akaitikia amina, bado hashiriki. Tukaingia Warumi 4: Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15:6, wakati tohara inakuja sura ya 17, yaani imani ilitangulia tendo. Hapo akaanza kulegea. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akamtolea Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Mimi naelewa Yakobo anamtaja Ibrahimu akimtoa Isaka, Mwanzo sura ya 22, miaka mingi baada ya kuamini. Matendo ni tunda la imani ile. Mzee anaona nafundisha watu wasitoe sadaka.

Niketi na mzee kwanza, au nimpelekee mchungaji suala hili moja kwa moja? Na mama nimsomee nini tena? Warumi 8:1, kwamba hakuna hukumu ya adhabu kwa walio katika Kristo Yesu, tumeshapita.