Kwa nini kisima cha gesi kikikaribia kumalizika kuchimbwa wanatoa madi (tope la kuchimbia) wanaweka maji ya chumvi?

KijanaWaLigula:
Wakuu habari za jioni. Nimepata kibarua stoo ya kemikali za kuchimbia visima vya gesi hapa Mtwara, kazi yangu kupokea mzigo, kupanga na kutoa kwa oda. Mwanzo ulikuja mzigo wa bentonaiti (aina ya mfinyanzi) na baraiti (unga wa madini mazito), hiyo baraiti kamfuko kadogo tu ukikanyanyua mgongo unalia, ikafuata kostiki soda, potasiamu kloraidi na mapolima ambayo majina yake bado yananipiga chenga. Sasa wiki hii imeingia kalsiamu kloraidi tupu, viroba kwa viroba, nikimuuliza bosi anasema hiyo ya kumalizia kisima, basi, anaondoka. Naomba kujua, kama madi imefanya kazi toka juu mpaka chini kwa nini waitoe waweke chumvi? Na kati ya hivi vyote kipi cha kuogopa, maana glavu tulizopewa ni za kitambaa.

MzeeWaRigi:
Mdogo wangu, kazi ya kwanza ya madi ni uzito. Gesi kule chini ina presha yake na inatafuta pa kutokea, kinachoizuia mnapochimba ni ile nguzo ya madi iliyojaa kisimani. Piga hesabu, maji matupu kwenye kina cha mita 2,000 yanakandamiza kama baa 196 (baa ni kipimo cha presha), ukitia baraiti mpaka lita moja ya madi ifike kilo 1.2 unapata kama baa 235, hapo ndipo watu wa rigi (mtambo wa kuchimbia) wanapolala usingizi. Baraiti ina uzito mara 4.2 ya maji ndo maana mgongo unalia.

Hayo mengine kila moja na kazi yake. Bentonaiti na zanthani, ambayo ni aina ya polima, zinaipa madi unene ili pampu zikisimama vipande vya mwamba vielee palepale visizame vikabana bomba. Wanga na zile polima nyingine zinaweka utando kwenye ukuta wa kisima maji yasinyonywe na mwamba. Potasiamu kloraidi ni kwa ajili ya tabaka za mfinyanzi, ule ukinywa maji matamu unavimba unabomokea kisimani, potasiamu inautuliza. Kostiki inapandisha pH, yaani inapunguza uasidi, chuma kisiliwe.

Sasa swali lako lenyewe. Gesi haikai kwenye pango kubwa kama watu wanavyodhani, inakaa kwenye vitundu vidogo sana vya mwamba wa mchanga. Madi imejaa unga, na huo unga ukiingia kwenye vitundu ni sawa na kupitisha unga wa muhogo kwenye chujio la tui, limeziba na tui halishuki tena. Kibaya zaidi baraiti haiyeyuki kwa asidi, ikishaziba imeziba, ndo maana wengi wakifika kwenye tabaka lenyewe la gesi wanatumia unga wa kalsiamu kabonati badala ya baraiti, huo hata ukiziba asidi ya haidrokloriki inauyeyusha. Halafu wakati wa kushusha mabomba ya uzalishaji na kutoboa kesingi (bomba la chuma linaloshikilia ukuta wa kisima) bado unahitaji uzito wa kuishikilia gesi ila hutaki chembe hata moja, kwa hiyo uzito unautoa kwenye chumvi iliyoyeyuka. Maji ya potasiamu kloraidi yanafika kama kilo 1.16 kwa lita, chumvi ya kawaida 1.20, kalsiamu kloraidi inakaribia 1.4, na hapo ndo viroba vyako vinapoingia. Ukitaka zaidi ya hapo unahamia kwenye bromaidi, ya kalsiamu inafika 1.7, ya zinki 2.3 ila bei yake si mchezo na ni sumu kwa viumbe wa baharini. Na hayo maji wanayachuja mpaka chembe za maikroni 2 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa macho unaona kama maji ya kunywa.

DadaKemia_Lindi:
Mzee kamaliza upande wa kisima, mi niseme wa stoo maana hizo glavu za kitambaa zimeniuma kweli. Kostiki ikishika unyevu inapenya kitambaa inakaa kwenye ngozi inakula taratibu, na jichoni ni upofu. Dai glavu za mpira, miwani ya kuziba pembeni na aproni, hiyo ni haki yako kisheria si hisani ya bosi. Mkitakiwa kuichanganya unatanguliza maji alafu unatia kostiki kidogokidogo, kamwe usimwagie maji juu ya kostiki, inachemka na kukurukia. Isikae kwenye chombo cha alumini wala karibu na asidi.

Kalsiamu kloraidi nayo msiidharau kwa kuitwa chumvi. Ukiitia kwenye maji inatoa joto mpaka tangi unalisikia kwa mkono, na kwa unyevu wetu huu wa pwani kiroba kikitoboka asubuhi unakuta kimelowa chenyewe kimekuwa jiwe. Pandisha kwenye paleti, iweke mbali na mlango. Baraiti na bentonaiti ni vumbi tu, barakoa nzuri kila siku, mapafu hayana spea.

Mbanguaji_Newala:
Samahani natoka nje kidogo. Nimewahi kusikia wakipoteza madi kwenye nyufa wanatupia maganda ya jozi yaliyosagwa kuziba. Huku kwetu maganda ya korosho yapo milima, hayafai?

MzeeWaRigi:
Ni kweli ndugu yangu, jozi, maika, pumba za mbegu za pamba, marumaru iliyosagwa, vyote vinatumika kuziba nyufa. Ganda la korosho tatizo ni yale mafuta yake, wewe mbanguaji unajua yanavyobabua mikono. Ungeanza kwa kuyakamua yote, usage, uchekeche kwa saizi tofauti, alafu maabara wapime kama masalia ya mafuta hayaharibu madi na kama ganda linavumilia presha bila kupondeka. Mimi ningefurahi sana mtu wa huku kusini ajaribu, maana gesi Mnazi Bay imegunduliwa toka 1982, Songo Songo 1974, na mpaka leo kwenye rigi sijaona kiroba hata kimoja cha kuzibia nyufa kilichotoka kwetu.

KijanaWaLigula:
Asanteni sana, shikamoo mzee. Kumbe hata ile oda ya madumu ya dawa ya kutu iliyokuja na chumvi ina maana yake?

MzeeWaRigi:
Marahaba. Ndiyo, sehemu ya maji hayo yanabaki kati ya bomba na kesingi miaka na miaka, kwa hiyo yanatiwa dawa ya kutu, dawa ya kuondoa oksijeni na ya kuua bakteria. Hiyo ya bakteria usiifungue kuinusa.

DadaKemia_Lindi:
Na kesho omba karatasi ya usalama ya kila kemikali iliyopo stoo, msambazaji anatakiwa awe nayo. Ina vipengele 16, anza na cha 4 huduma ya kwanza, cha 8 vifaa vya kujikinga, na cha 10 kinachokuambia kipi kisipangwe karibu na kipi. Ukikwama Kiingereza chake piga picha weka hapa tukusaidie.