Gumzo la ukoo: Je, mgodi wa Mfalme Suleimani uliwahi kuwepo?

Ouma: Habari za jioni, wazee wangu. Hapa Kampala kuna video inayozunguka kwenye simu, inayodai kwamba mgodi wa dhahabu wa Mfalme Suleimani uko Afrika, kwamba ulifukiwa makusudi, na kwamba ramani yake wanayo watu wachache tu. Wenzangu kazini wameiamini kabisa. Naomba mnieleze: mgodi huo uliwahi kuwepo kweli?

Barasa: Mimi ninayeshinda shimoni huku Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu ya Busia, nasema ulikuwepo. Dhahabu haidondoki kama mvua. Ikiwa Maandiko yanasema mfalme alipata dhahabu, basi kuna mtu aliyeichimba, na hapo alipochimba ndipo penye mgodi.

Mjomba Wandera: Barasa, neno lako ni zito, lakini umeruka hatua moja. Fungueni Wafalme wa Kwanza, sura ya 9, kuanzia mstari wa 26. Pale tunaambiwa kwamba Suleimani aliunda merikebu huko Ezion-geberi, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kwamba Hiramu, mfalme wa Tiro, akampelekea mabaharia wanaoijua bahari, na kwamba wakaenda Ofiri wakarudi na talanta 420 za dhahabu. Someni polepole kisha mniambie ni wapi limetajwa shimo, au mchimbaji, au mlima. Kinachotajwa ni safari ya merikebu. Nimefundisha historia miaka mingi, na kila mara nimeona watu wanakuja na mgodi huo vichwani mwao tayari, halafu wanautafuta ndani ya kitabu ambacho hakikuutaja.

Nafula: Mjomba, nimefungua na Mambo ya Nyakati ya Pili 8:18. Huko wameandika 450, si 420.

Mjomba Wandera: Umeona vizuri, binti yangu. Hoja yetu haibadiliki: vitabu vyote viwili vinasema juu ya merikebu.

Shangazi Zaituni: Nami niongeze kutoka upande wetu. Katika Kurani, Surat Saba, aya ya 12, Nabii Suleimani anatajwa kuwa alitiririshiwa chemchemi ya shaba iliyoyeyuka. Ni shaba, si dhahabu. Tangu niolewe katika nyumba ya Kiislamu nimesikia masimulizi mengi juu ya majini waliomtumikia, lakini mgodi wa dhahabu sijausikia kwa shehe yeyote.

Mjomba Wandera: Asante sana, shemeji, kwa maana umegusa jambo ambalo wataalamu nao wamelizungukia. Katika miaka ya 1930 mwanaakiolojia Nelson Glueck alitangaza kwamba migodi ya Suleimani ni ile ya bonde la Araba, kusini ya Bahari ya Chumvi, na hiyo ilikuwa migodi ya shaba. Mwaka 1969 huko Timna, katika bonde hilohilo, kulifukuliwa hekalu la mungu wa Misri aitwaye Hathor, wengi wakasema basi, kazi ile ilikuwa ya Wamisri. Tangu 2013 mwanaakiolojia Erez Ben-Yosef na wenzake wamepima umri wa mbegu na mabaki mengine ya pale, wakaonyesha kwamba shaba iliyeyushwa kwa wingi katika karne ya 10 kabla ya Kristo, yaani zama zilezile anazowekwa Suleimani. Nani aliyekuwa bwana wa kazi hiyo, bado wanabishana, na wengi wanawataja Waedomu, majirani wa Waisraeli.

Barasa: Haya, shaba nimeikubali. Turudi kwenye dhahabu, kwa kuwa hapo ndipo ninapojua ninachosema. Wiki iliyopita tulisaga magunia 5 ya mawe meupe, kila gunia kama kilo 50. Tuliosha unga wake kwenye karai hadi giza likaingia, na kilichobaki chini kilikuwa mstari mwembamba wa njano kama uzi. Baada ya zebaki na moto, mizani ilisoma gramu 2.5. Hiyo ni gramu 10 kwa tani moja ya mawe, na kwetu tulishukuru. Mjomba, talanta moja ni kilo ngapi?

Mjomba Wandera: Wengi wanaikadiria kuwa kilo 34 hivi. Talanta 420 ni kama tani 14.

Barasa: Basi kwa mawe kama yetu, tani 14 za dhahabu zinataka kusaga tani milioni 1.4 za mawe. Ouma, sikiliza: shimo unaweza kulifukia, lakini lundo la mabaki huwezi kulificha. Hapa Tiira mashimo ya zamani yameota vichaka na mbuzi wanalala humo, lakini mchanga uliosagwa bado unaonekana, na mawe ya kusagia bado yanatukwaa miguuni. Anayesema mgodi ule umepotea bila alama hajawahi kushika nyundo. Labda iwe dhahabu ya mtoni, inayookotwa kidogo kidogo na watu wengi katika mito mingi, kisha ikakusanywa sokoni.

Mjomba Wandera: Mwanangu, hapo umesema nilichokuwa nakitafuta. Mimi naamini Ofiri lilikuwa jina la mahali pa kununulia dhahabu. Jina lenyewe si la kubuni, kwa sababu mwaka 1946 kilipatikana kigae huko Tell Qasile, ambako leo ni ndani ya Tel Aviv, chenye maandishi ya karne ya 8 kabla ya Kristo yanayotaja dhahabu ya Ofiri, shekeli 30. Ni kama risiti ya duka. Wapo pia wanajiolojia wa Marekani na Saudi Arabia ambao katika miaka ya 1970 walipendekeza kwamba Ofiri ni Mahd adh-Dhahab, mgodi wa kale ulio kati ya Makka na Madina, na huko malundo anayoyasema Barasa yapo. Lakini kukuta mgodi wa kale hakutuambii mwenye mgodi alikuwa nani.

Ouma: Kwa nini basi video inasema ni Afrika, tena Zimbabwe?

Mjomba Wandera: Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale katika nchi ya Zimbabwe, akaona kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa. Alibandua kipande cha mti wa mlangoni, akakilinganisha na penseli yake, akasema ni mwerezi wa Lebanoni, na kwa hiyo jengo ni la Malkia wa Sheba. Mti ule ulikuwa wa hapohapo. Mwaka 1895 kampuni ya walowezi ikapewa kibali cha kupekua magofu ya nchi ile kutafuta dhahabu, ikavuruga tabaka za udongo ambazo leo zingetusimulia mengi. Wanaakiolojia Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha kwamba waliojenga ni Waafrika, katika zama za kati, zaidi ya miaka 2,000 baada ya Suleimani. Kwa hiyo hadithi ya mgodi uliopotea iliwanyang'anya wenyeji jengo lao wenyewe, na wewe Ouma unapoisambaza video hiyo unasaidia kuwanyang'anya tena.

Ouma: Nimekuelewa, Mjomba. Sitaisambaza.

Shangazi Zaituni: Na dhahabu ya nchi ile ilikuwepo kweli, isisahaulike! Ilishuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikapanda vyombo kwenda Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliyetawala alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mwana wa Suleimani, lakini wa pwani yetu.

Mjomba Wandera: Na sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana ndani ya Zimbabwe Kuu.

Ouma: Sarafu ya dhahabu?

Mjomba Wandera: Ya shaba, mwanangu.