Naomba ushauri: mwaka wa kwanza chuoni, madesa na bumu vinanichanganya

Binti_wa_Kasulu

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za majukumu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha umma jijini Dar es Salaam, nasomea ualimu wa Historia na Jiografia. Kidato cha tano na cha sita nilisoma shule ya bweni, ambako kengele ndiyo iliyotuamsha, ikatupeleka prepo na kutulaza, na mwalimu akishafundisha kwa Kiingereza alirudia jambo zima kwa Kiswahili hadi aone tumeelewa. Huku tunaingia ukumbini mamia ya watu, mhadhiri anapitisha slaidi harakaharaka kwa Kiingereza kitupu, kisha anatutajia sura za kwenda kujisomea, basi.

Katika jaribio la kwanza la Historia nimepata 9 kati ya 20, ingawa sijakosa kipindi hata kimoja. Wenzangu wa chumbani wanasema vitabu ni kujichosha. Nichukue madesa, yaani muhtasari wa masomo ulioandikwa na waliotutangulia, na kuyakariri mtihani ukikaribia, kwa kuwa maswali hujirudia. Jambo la pili ni bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi. Habari kwamba limeingia zimefika nyumbani: mama anaomba fedha za sare na madaftari ya mdogo wangu, mjomba anataka mbegu, na wote wanaamini kuwa aliyepewa laki sita kwa mkupuo hawezi kukosa elfu hamsini. Nifanyeje?

Mwaka_wa_Tatu

Karibu chuo, mdogo wangu. Madesa si haramu, hata mimi ninayo, na yanafaa kukuonyesha mhadhiri hupenda kukaa kwenye mada zipi. Tatizo ni kwamba aliyeandika desa aliandika alichokielewa yeye, na kosa lake linarithiwa mwaka hadi mwaka. Nimewahi kuona desa linalosema Vita vya Majimaji vilianza 1907, wakati vilianza 1905 na mwaka 1907 ndipo vilipokuwa vinamalizikia. Msahihishaji akikutana na mwaka huo katika karatasi thelathini, anajua mara moja kwamba wote mmechota kisima kimoja.

Usivunjike moyo kwa hiyo 9. Katika vyuo vingi vyetu kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo nafasi bado ipo. Ila usidanganywe kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na pointi hizo huzidishwa kwa krediti (uzito) za kozi husika, hivyo kozi yenye krediti nyingi ndiyo ya kuipa usiku wako. Katika shahada ya miaka mitatu, ukimaliza mwaka huu na GPA (wastani wa pointi zako) ya 2.5, utahitaji wastani wa 4.0 kwa miaka miwili mfululizo ili ufike 3.5, yaani daraja la pili la juu.

Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu, marahaba. Nimesahihisha karatasi za mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, na nadhani najua hiyo 9 ilikotokea. Kidato cha sita mlizoezwa kuandika utangulizi, hoja sita na hitimisho, na kila hoja ilikuwa na alama zake. Chuoni, swali likikutaka ujadili kama ukoloni ndio ulioua viwanda vya asili, hoja sita zilizopangwa moja chini ya nyingine hazitakufikisha mbali. Msahihishaji anatafuta msimamo wako, ushahidi unaoutetea, na namna unavyomjibu mwandishi asiyekubaliana nawe. Ndiyo maana desa haliwezi kukusaidia hapo: linakupa hoja, halikupi ubishi.

Kuhusu Kiingereza, soma sura kabla ya mhadhara badala ya baada yake, walau utangulizi na hitimisho, ili istilahi usikutane nazo kwa mara ya kwanza kwenye slaidi. Kisha chukua karatasi yako ya jaribio uende nayo kwa mhadhiri katika saa za ushauri, ambazo kwa kawaida hubandikwa mlangoni pake, umuulize alama zilipotea katika aya ipi. Usiende kuomba kuongezewa.

Dada_Mkubwa

Nigusie bumu. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo laki sita zako ni siku sitini za kula na kulala, tena ni deni utakalokatwa kwenye mshahara. Mpigie mama, usimtumie ujumbe, umfanyie hesabu hiyo kwa mdomo. Lipia chumba siku hiyohiyo fedha inapoingia, na utenge chakula cha wiki mbili usichokigusa, kwa sababu awamu inayofuata inaweza kuchelewa.

Mnyakyusa_Halisi

Naafikiana na dada kwa hesabu, lakini si rahisi kumwambia mama huna ilhali mtaa mzima unajua umelipwa. Mtumie kiasi kidogo kinachojulikana, mara moja kwa kila bumu, na kipite kwa mama peke yake. Mjomba akitaka mbegu, akazungumze na dada yake.

Binti_wa_Kasulu

Ahsanteni sana. La mjomba limenichekesha, na nitalifanya. Swali langu la mwisho ni kwa Mwalimu: mhadhiri ni mwanamume, na kwa habari tunazozisikia naogopa kuingia ofisini kwake peke yangu.

Mwalimu_Mstaafu

Una haki ya kuogopa. Nenda na mwenzako mwenye karatasi yake pia, katika saa zilizobandikwa, na mlango ubaki wazi. Au anza na mhadhiri msaidizi anayeendesha semina yenu. Mara nyingi huyo ndiye aliyesahihisha jaribio, na unaweza kumuuliza palepale semina inapoisha, wenzako wakiwa bado wanakusanya vitabu.