Dawa tano kwa kidonda kimoja, na hakuna aliyeuliza ni bakteria gani

Wakuu, samahani kwa uzi mrefu. Nina donge la wiki sita na leo nalitema hapa. Mnaofanya kazi za hospitali, someni mpaka chini kabla ya kununa.

Mzee wangu ana sukari, mwaka wa 14 huu. Ni fundi seremala, amestaafu lakini randa haimtoki mkononi. Miguu ilishakufa ganzi siku nyingi. Jioni moja mjukuu wake anamwambia, "Babu, kandambili yako ina msumari." Msumari ulikuwa umepenya kandambili ukamwingia chini ya kidole cha pili, na mzee alishatembea nao tangu asubuhi. Hakusikia chochote. Tukautoa, tukaosha kwa maji ya chumvi, tukafunga. Hapo lawama ni yetu, sikatai. Tulipaswa kwenda siku ile ile. Tulikwenda siku ya tano, harufu ilipoanza.

Zahanati ya kwanza: mhudumu alikitazama kidonda kutoka kwenye kiti chake, akaandika Ampiclox siku saba. Hakuugusa mguu, hakupima sukari. Tukarudi nyumbani.

Siku saba zikaisha, unyayo umeumuka kama andazi. Tukaenda duka la dawa (ndiyo, najua, msinirukie). Kijana wa dirishani akasema, "Hizo zilikuwa nyepesi mama, tumpe nzito." Azithromaisini siku tatu, na sipro (siprofloksasini) juu yake. Usiku wa pili, saa nane hivi, nasikia mzee anaongea peke yake, anaulizia mbao za mteja aliyefariki zamani. Naingia namkuta shuka limelowa jasho. Kupima sukari: 2.4. Tukamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka akili ikarudi. Mzee anatumia glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, na sipro ikikutana na vidonge hivyo inaweza kuiporomosha sukari. Lipo kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa maandishi ya sisimizi. Yule kijana angeuliza tu, "Anatumia dawa gani nyingine?" Maneno manne.

Haya, hospitali sasa. Nikajua tumefika kwa wenyewe. Kalazwa, seftriaksoni ya sindano gramu mbili kwa siku, na Flagyl ya dripu. Wiki ikapita, kidonda kinachuruzika vile vile. "Tumwongezee siku tano." Nikauliza kwa adabu, "Dokta, hatuoteshi huo usaha tujue ni wadudu gani?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye faili: "Dada, hii dawa inaua wote."

Inaua wote! Wakuu, yupo bakteria anaitwa sudomonasi. Anapenda majimaji, anapenda vidonda vya muda mrefu, na huku kwenye nchi za joto si mgeni kabisa kwenye miguu ya wenye sukari. Mara nyingi anaacha rangi ya kijani kwenye gozi (kile kitambaa cha kufunikia kidonda), na harufu tamu tamu, kama tunda lililoanza kuchacha. Kwa huyo, seftriaksoni haifui dafu. Wala si habari ya usugu uliotokana na mtu kuruka dozi, maumbile yake ndivyo yalivyo, na vitabu vyao vinasema hivyo tangu hatujazaliwa nusu yetu humu. Gozi la mzee lilikuwa la kijani. Mimi niliyesomea uhasibu niliiona hiyo kijani, nesi aliyelibandua aliiona, likatupwa kwenye ndoo, sindano ikachomwa.

Siku ya tisa nikapandisha sauti wodini. Ndipo wakachukua sampuli. Mnajua walivyochukua? Kijiti chenye pamba, kikapitishwa juu ya usaha, kidonda hakijaoshwa, mgonjwa ameshakula dawa siku tisa. Majibu yakaja: "mchanganyiko wa vimelea". Kwani ulitegemea nini? Juu ya kidonda cha zamani wamejaa bakteria wapangaji wasiohusika na kesi. Ni kufagia vumbi la stendi ukitafuta unyayo wa mwizi mmoja. Na lile karatasi likatumiwa kuniambia, "Unaona? Hakuna jipya."

Tulimwondoa kwa kusaini wenyewe. Hospitali ya pili tulipokewa na daktari wa kike, mdogo tu, nikadhani ni mwanafunzi. Akavuta stuli, akauweka mguu wa mzee mapajani kwake juu ya karatasi, akafungua bandeji yote. Akapapasa juu ya unyayo kutafuta mapigo ya damu. Akaweka mgongo wa kiganja chake mguu mmoja, kisha mwingine, akilinganisha joto, kwa sababu, alisema, huo wekundu wanaousema vitabuni kwenye ngozi yetu nyeusi unaweza kukupita. Kisha akaingiza kijiti cha chuma butu ndani ya tundu la kidonda, taratibu. Kikagota. Nilisikia kwa masikio yangu, kama kijiko kwenye sahani. Akanitazama. "Huu ni mfupa, dada. Hapa hatuongelei ngozi tena." Mzee anatutazama tu, maumivu hayasikii.

Wiki tatu na ushee, mikono minne, na hakuna aliyekuwa ameingiza hata kijiti.

Akasimamisha antibiotiki zote siku mbili, maana mzee hakuwa na homa na presha ilikuwa nzuri, akamwingiza chumba cha upasuaji. Nyama iliyooza ikakwanguliwa, kidonda kikaoshwa, ndipo akakata kipande cha nyama kutoka chini kabisa na kipande cha mfupa, vikaenda maabara kila kimoja kwenye kichupa chake. Siku ya nne majibu: stafilokokasi na sudomonasi. Stafilokokasi anakufa kwa kloksasilini ya kawaida kabisa. Sudomonasi amegoma kwa sipro, anakufa kwa seftazidimu, amikasini na meropenemu. Nikamwambia, si umpe hiyo meropenemu tumalize? Akasema hapana, hiyo tunaiwekea akiba, yupo mtu atakuja hapa hana nyingine. Na amikasini akaikwepa kwa sababu figo za mzee zimechoka. Seftazidimu na kloksasilini, basi. Kila dawa na sababu yake. Nililia pale, si kwa huzuni, kwa hasira.

Vidole viwili vilishakwenda lakini. Cha pili na cha tatu. Mfupa wa pale alipokatia nao ukaoteshwa, ukatoka safi. Dawa ikaendelea wiki moja na siku chache, uvimbe ulipokwisha akaisimamisha, kidonda bado kiko wazi. Nikahamaki: mbona unakata dawa hakijafunga? "Dawa inaua bakteria, dada. Kidonda kinafungwa na damu, sukari nzuri, kusafishwa, na mzee kutokukanyagia." Kidonda kisicho na dalili za maambukizi hakihitaji antibiotiki kabisa, hata kiwe kikubwa vipi. Sisi nyumbani tulikuwa tunanyunyizia unga wa kapsuli juu yake.

Kabla hamjaja: najua si kila hospitali ina maabara ya kuotesha. Na kuanza dawa kwa makisio si kosa, mguu ukiharibika haungojei majibu ya siku tatu. Lakini chukua sampuli ya maana KWANZA, halafu kisia. Majibu yakija, badilisha. Na ukikisia, kisia kwa kutazama: kidonda ni kipya au cha zamani, kina harufu gani, mtu ameshakula dawa gani, figo zikoje, damu inafika mguuni au haifiki. Kupandisha kutoka "nyepesi" kwenda "nzito" bila kujua unampiga nani ni kupiga ramli kwa bomba la sindano.

Kinachonichoma zaidi ni yale mabango ukutani. Kwenye korido ile ile ya hospitali ya kwanza lipo bango la usugu wa dawa, limechorwa mwananchi anameza vidonge bila cheti, chini wameandika tusitumie dawa kiholela. Sisi! Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezipanga antibiotiki kwenye makundi, na seftriaksoni iko kwenye lile la kuangaliwa kwa makini, si la kumwagia kila anayelazwa. Mwananchi hajiandikii sindano ya gramu mbili kwa siku 12. Nani aliiandika?

Wiki iliyopita nilikwenda kuomba nakala ya faili. Wamenizungusha siku mbili, wamenipa. Kuna ukurasa wa siku ya kumi ya kulazwa, mwandiko wa haraka, sahihi chini: "Kidonda kinaendelea vizuri. Endelea na dawa." Siku hiyo bandeji haikufunguliwa. Nilikuwa nimekaa pale kitandani, miguuni kwa mzee, tangu asubuhi.